Chupa ya Nne

Kila asubuhi, kabla jua halijafika kwenye ukuta wa nyumba, ninazipanga chupa juu ya meza ya Mama Olga. Ni chupa ndogo za dawa ya sindano, zimechemshwa na kukaushwa, kila moja na kizibo chake. Ndani ya kila chupa kuna unga wa muhogo kidogo, kiasi cha kukaa juu ya ukucha, matone machache ya maji, na kipande chembamba cha karatasi ya manjano kinachoning'inia bila kugusa unga. Tunazifunga leo na kuzifungua kesho. Kama unga ni salama, karatasi inabaki manjano. Kama muhogo haukulowekwa vya kutosha, sumu yake hutoka kama hewa, ikapanda, na karatasi ikageuka: kwanza rangi ya chai ya maziwa, halafu kahawia, halafu nyekundu ya tofali.

"Kumi na moja," nilisema asubuhi hiyo ya Jumatatu.

"Nini?"

"Kumi na moja. Manjano."

"Sonia, soma kwa nguvu! Hapa ni laboratoire, si pahali ya kilio."

Mama Olga alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, daftari juu ya magoti, akiandika namba kubwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa na miaka sabini na moja, na macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alisema ugonjwa huo umemfanyia mzaha, kwa sababu unapaka kila kitu rangi ya manjano. "Kwa macho yangu mimi," alipenda kusema, "mihogo yote ya dunia iko salama." Ndiyo maana aliazima macho yangu. Nilikuwa nimemaliza diploma ya maabara huko Mbarara, nikarudi Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwa wazazi wangu bila kazi. Mwalimu wangu mmoja aliandika kwenye ripoti yangu ya mwisho: "Anajua, lakini hasikiki."

Nilikuwa ninafungua chupa ya kumi na mbili pikipiki ilipoingia uani. Haikusimama penye uzio kama watu wanavyofanya. Ilikuja mpaka mlangoni. Askari aliyevaa sare alishuka, akafungua kamba nyuma ya kiti, akainua gunia lililojaa nusu na kulitupa barazani hata unga ukaruka.

Kwenye mdomo wa gunia kulikuwa na uzi wa buluu.

Uzi huo ni alama yetu. Akina mama arobaini na watatu wa Rubondo wanasaga muhogo pamoja, na hakuna gunia linalotoka bila uzi wa buluu. Mama Olga anaufunga mwenyewe, kwa vidole vyake, baada ya mimi kusoma rangi. Maana yake ni: hii tumepima.

"Mwenyewe ya hii kitu ni nani?" askari aliuliza.

"Ni sisi," Mama Olga alijibu. "Wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi naitwa Sajini Naboth. Natoka barakisi ya jeshi, Mbarara. Watoto yangu mbili iko hospitali. Jana jioni wametapika, wanaanguka, kichwa inauma, hawawezi simama. Bibi yangu, mama yao, anasema ni hii unga ya Nakivale. Sasa mimi nauliza pole pole, kwa sababu nikiuliza kwa nguvu itakuwa mbaya. Nyinyi naweka nini ndani?"

Nililitazama gunia. Lilikuwa limeandikwa saba kwa mkaa. Saba ni Marie, kiongozi wa kikundi. Chupa yake niliisoma mimi, wiki mbili zilizopita, na hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Marie mwenyewe alikuwa amesikia pikipiki. Alitokea nyuma ya nyumba na povu la sabuni mpaka viwikoni, watoto wake wakimfuata.

"Sumu?" alisema. "Sajini, unga hii njo ninalisha batoto yangu! Angalia hawa, angalia mashavu! Hii ni mashavu ya sumu?"

"Mimi sitaki kuangalia mashavu. Mkubwa yangu amesema daktari akihakikisha ni unga, hii mahali inafungwa."

"Marie, nyamaza," alisema Mama Olga. "Sajini, batoto bako bazima?"

"Wako. Nesi anasema watapona. Lakini mpaka asubuhi hawakuwa wamekula."

"Mungu ashukuriwe. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini unijibu. Balikula bugali saa ngapi?"

"Jana Jumapili, saa saba mchana."

"Balianza kutapika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Nilikuwa zamu, bibi akanipigia simu."

"Wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Na mama yao?"

"Alikula. Sisi yote tulikula."

Mama Olga alihesabu kwa vidole. "Masaa tano ni mingi. Hii sumu haina uvumilivu. Na inachagua batoto, inaacha bakubwa bazima kabisa? Hapana." Kisha akanyoosha mkono kuelekea gunia. "Lakini maneno si kitu. Sonia, chukua unga yake, mbele ya macho yake. Chupa tatu."

Nilipima. Naboth alisimama juu yangu mpaka nikasikia harufu ya petroli kwenye sare yake. Nilipofunga kizibo cha tatu, aliandika alama yake juu ya kila kizibo, kisha akauliza, "Sasa inasema nini?"

"Itasema kesho asubuhi," Mama Olga alimwambia.

"Kesho! Nyabo, mama yangu, hauna mashini ya haraka?"

"Mashini ni hii. Tunaenda pamoja Mbarara, chupa zikiwa na mimi na mimi nikiwa na wewe. Hivi kesho hautasema tumebadilisha kitu." Alizichukua chupa tatu, akazifunga ndani ya pindo la kitenge na kukizungusha tumboni chini ya blauzi yake.

Naboth alimtazama kama mjukuu aliyeona bibi yake akimeza saa.

"Inataka joto," nilimweleza, lakini nafikiri hakunisikia.

*

Shemeji yake Marie alikuwa anapeleka nyanya Mbarara kwa pikapu yake, akatupakia mbele. Naboth alitangulia kwa pikipiki, na kila baada ya kilomita chache aligeuka kutazama kama bado tunafuata.

Kitu kimoja tu kilizunguka kichwani mwangu. Kama unga wa Marie ulikuwa na sumu, basi ama macho yangu yalikosea, ama karatasi ya Mama Olga haikuwa kitu cha kuaminiwa. Kama ni macho yangu, nimewaumiza watoto. Kama ni karatasi, basi kazi ya maisha yake yote ilikuwa bure, na yeye angelijua hilo akiwa mzee, mkimbizi, kwenye wodi ya hospitali, mbele ya sajini.

Kazi yake naijua vizuri, kwa sababu alinisimulia kidogo kidogo tukisubiri chupa zikauke. Alizaliwa kwenye milima ya Fizi, mtoto wa katekista. Alisoma biokemia Kinshasa, msichana peke yake kati ya wavulana thelathini, nao wakamwita Mama Muhogo kwa sababu kila alipopewa nafasi ya kuchagua mada alichagua muhogo. Baadaye aliajiriwa kwenye kituo cha utafiti karibu na Bukavu. Mwaka wa ukame mkubwa, huko kwao watu walianza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, haikunjiki, na haikurudi tena kuwa kama zamani. Wazee walisema ni uchawi. Yeye alisema ni njaa na haraka: maji yamepungua, chakula hakuna, watu wanaloweka muhogo siku moja badala ya tatu au nne.

Karatasi ya manjano haikuwa uvumbuzi wake, na hakuruhusu mtu aseme hivyo. Wanakemia wa zamani waliijua. Alichofanya yeye ni kuitoa maabara. Kule kituoni umeme ulikatika kila siku, sanduku la joto likapoa, na vipimo vikaharibika. Ndipo akazifunga chupa kiunoni mwake, akatembea nazo, akapika nazo, akalala nazo, na asubuhi rangi ikawa sawasawa na ile ya sanduku siku lilipokuwa na umeme. Alirudia mara mia mbili kabla ya kumwambia mtu. Kisha akachora kadi ya rangi kumi kwa chai, maganda ya vitunguu na vumbi la tofali, ili mama asiyejua kusoma aweze kulinganisha karatasi yake na kadi na kujua kama ampikie mtoto au aloweke tena. Aliandika kurasa nne tu juu ya jambo hilo, kwa jina lake mwenyewe, na barua zikaanza kuja kutoka nchi ambazo hajawahi kuziona. Barua hizo ziliungua pamoja na kituo wakati wa vita. Kadi ilipona kwa sababu ilikuwa ndani ya Biblia.

"Unawaza nini?" aliniuliza tulipopita Isingiro.

"Hakuna, Mama."

"Hakuna inakupumuisha hivyo?"

Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, na mwingine akauacha tumboni, juu ya chupa.

*

Wasichana walikuwa wazima. Niliwaona tangu mlangoni mwa wodi. Ainembabazi, wa miaka minane, alikuwa ameketi akinywa juisi kwa mrija. Mdogo wake Daphine alikuwa amelala, bomba la maji ya dawa mkononi, lakini anapumua vizuri na mashavu yana rangi. Mama yao, Topista, alikuwa kwenye mkeka chini ya kitanda, nywele hazijachanwa, gauni la kanisani la jana bado mwilini.

Aliinuka kumsalimu Mama Olga, tena kwa adabu, magoti yakikunjwa, ingawa alikuwa na hasira.

"Nyabo, karibu. Lakini mimi unga yenu siwezi nunua tena."

"Ni haki yako, binti yangu. Pole sana na batoto."

Ndipo Topista akanitazama vizuri. Uso wake ukafunguka ghafla.

"Eh! Wewe si ni yule msichana ya miti?" Akamgeukia mumewe. "Huyu ndiye nilikuambia! Mwaka jana nimeenda Rubondo kuchukua unga, nikasifu shamba yao, huyu akakata miti ya muhogo akanipatia bure. Bure! Nimepanda nyuma ya nyumba, imemea mpaka majirani wanaona wivu. Nilikuwa nataka kukushukuru, sikujua jina yako."

"Sonia," nilisema.

Sijui kama nilisema au nilisogeza midomo tu.

Kwetu mgeni aliyesifu shamba lako haondoki mikono mitupu, na miti ya kupanda muhogo haiuzwi. Nilimkatia kumi, nikaifunga kwa gome la mgomba. Nilikata shamba la karibu na barabara, na hapo tunapanda muhogo mchungu, kwa sababu nyani na wezi hawaugusi. Nilikusudia kumwambia. Nakumbuka nilifungua mdomo. Lakini alikuwa tayari anapanda boda, anacheka na dereva, ananiita kipenzi, nami nikaona haya kumsimamisha mtu anayecheka. Tena nikajiambia, ni nani duniani asiyejua kwamba muhogo unalowekwa? Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua. Hatusemi, kama vile mtu hasemi kwamba kuku anachinjwa kwanza.

Lakini hapa Ankole, kwa wenyeji wa Mbarara, muhogo ni mtamu. Wanauchimba, wanaumenya, wanauchemsha saa ile ile. Nilisoma Mbarara miaka miwili na nusu, nikaula muhogo huo kwenye kantini pamoja na chai, na sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

"Kisha bugali ya mchana," Mama Olga alikuwa anauliza, "batoto balikula nini tena?"

"Hakuna, nyabo. Wamecheza, saa kumi wakakunywa chai, basi."

"Chai na nini?"

"Chai tu, ya kawaida."

Chai ya kawaida huku haiendi peke yake. Nilifungua mdomo, na wakati huo huo muuguzi akaja na kipimajoto, akasema wageni watoke, muda umekwisha. Tulitoka.

*

Naboth alitupeleka nyumbani kwake barakisi, ili Mama Olga aone unga uliobaki na sufuria iliyopikiwa. Nyumba za familia zilikuwa zimepangwa mistari, kila moja na jiko lake nyuma. Wakati Mama Olga ananusa unga na Naboth anaitwa na jirani aliyetaka habari za watoto, mimi nilizunguka nyuma ya jiko.

Mihogo yangu niliitambua kabla sijaifikia. Mashina yamenizidi urefu, vikonyo vya majani ni vyekundu, majani membamba. Ilikuwa kama kumkuta mtu wa kwenu mahali usipomtarajia. Mashina mawili yalikuwa yameng'olewa, mashimo bado yana udongo mbichi. Jikoni kulikuwa na beseni lenye mihogo minne isiyomenywa, na sufuria ndogo yenye vipande vilivyochemshwa, baridi, vimebaki kutoka jana. Pembeni kulikuwa na vikombe viwili vya chai.

Sikufikiri. Nilikata kipande kutoka kwenye muhogo mbichi, nikakisaga kwa kijiko, nikatia kwenye chupa ya akiba niliyokuwa nayo, maji, karatasi, kizibo. Mihogo iliyobaki na vile vipande vya sufuria nilivitia vyote kwenye mfuko wangu, nikafunga zipu. Angalau hakuna mtu ambaye angevila tena. Niliondoka jikoni mle kama mwizi.

Mama Olga alinyoosha mkono, nikampa chupa. Aliifunga pamoja na nyingine.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa tulipokaa kizingitini, Naboth amerudi hospitali kumpelekea mkewe nguo. Mama Olga alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Nimewahi kukusimulia Nehemiya?"

"Kaka yako. Aliyetembea na fimbo mbili."

"Sikukuambia yote. Mwaka ule nilifika nyumbani na chupa zangu. Nikapima unga ya mama. Karatasi ikakuwa nyekundu, nyekundu mbaya. Mama akaniuliza, 'Hii rangi inasema nini?' Nikamuambia namba. Miligramu ngapi kwa kilo. Nikaandika vizuri kwa daftari, nikarudi Bukavu, nikiwaza nimesema." Aligusa chupa tumboni. "Mwezi moja kisha, Nehemiya aliamuka asubuhi na miguu imekauka. Alikuwa na miaka kumi na ine."

"Ulikuwa na haya, Mama?"

"Nilikuwa na masomo. Ni ugonjwa moja."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka, na nikayafuta haraka ingawa yeye asingeyaona.

"Kadi ya rangi nilichora kisha hiyo," alisema. "Si mbele." Akajiegemeza ukutani. "Mufuko yako unanuka mubichi, Sonia. Na asubuhi nilifunga chupa tatu. Sasa ziko ine. Vidole vyangu havina mtoto wa jicho."

Nilingoja aulize. Alifumba macho, mikono miwili juu ya tumbo, kama mama mjamzito anayepunga upepo.

*

Asubuhi ya Jumanne, baada ya kulala kwa Naboth, saa mbili na nusu tulikuwa wodini. Daktari alikuwa amepita na kusema wasichana waruhusiwe mchana. Bomba la Daphine lilikuwa limetolewa, naye alikuwa anakunywa uji na kulalamika kwamba dada yake amepewa sukari nyingi kuliko yeye. Nilipenda malalamiko yale. Ningeyasikiliza siku nzima.

Naboth alisimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi. Topista alikuwa amebadilisha gauni. Mama Olga alifungua kitenge, akatoa chupa moja moja na kuzipanga juu ya kabati dogo la chuma. Kadi ya rangi aliiweka mbele.

"Sajini, alama ulizoandika wewe mwenyewe kwa vizibo ni hizi?"

"Ni hizi."

"Sonia, soma."

Nilifungua ya kwanza. Nilivuta karatasi kwa kibano na kuiweka juu ya kadi. Ainembabazi akasogea kuangalia.

"Manjano," nilisema.

"Kwa nguvu."

"Manjano! Ya kwanza ni manjano." Nikafungua nyingine. "Ya pili, manjano. Ya tatu, manjano."

Naboth alizitazama karatasi zote tatu, akainama, akalinganisha kila moja na kadi mwenyewe, polepole, kama anayesoma amri. Kisha akavuta kiti na kukaa. Tangu alipofika Rubondo sikuwa nimemwona akikaa.

"Unga ni mzuri," alisema.

"Unga ni mzuri," Mama Olga alikubali. Nilisikia pumzi ikimtoka, ndefu, na nikajua kwamba na yeye alikuwa anaogopa tangu jana. Karatasi yake ilikuwa imesema kweli. Macho yangu pia. Tungeweza kuaga hapo hapo, tukapanda gari, na Marie angetupikia samaki.

"Na hii?" Topista aliuliza. "Hii chupa ya nne, si mmeisahau?"

Hata sikuhitaji kadi. Nilipoifungua karatasi ilikuwa nyekundu kama tofali la kuchomwa, kutoka juu mpaka chini.

"Mamangu!" Topista alisema. "Hii ndiyo nini?"

Wodi nzima ilikuwa na sauti, vikombe, mtoto analia upande wa dirishani, lakini mimi nilisikia kimya cha Mama Olga tu.

"Ni muhogo wa nyuma ya nyumba yenu," nilisema. "Ule wa miti niliyokupa. Nilichukua kipande jana jikoni, na iliyobaki nimeiondoa. Watoto waliula na chai, sivyo, dada?"

Topista aliweka mkono mdomoni.

"Ile ya chai," alisema. "Lakini hiyo si chakula, ni ya chai tu! Mimi sikuonja. Daphine alisema ni chungu kidogo, nikamuongezea sukari kwa chai." Alimtazama mumewe. "Naboth, nilimuongezea sukari. Nikamwambia maliza."

"Si kosa lako," nilisema, na safari hii kila mtu alinisikia, hata yule mama wa kitanda cha pili aligeuka. "Ni langu. Muhogo ule ni mchungu, una sumu usipoandaliwa, na nilikupa bila kukuambia. Nilitaka kusema siku ile. Nilifungua mdomo, ukapanda boda, nikaona haya kukuita. Nisamehe. Nisameheni wote wawili."

Naboth alijikuna kichwa kwa ukingo wa kofia. Nilingoja ile sauti ya kuuliza kwa nguvu aliyosema itakuwa mbaya.

"Mimi," alisema mwishowe, "nimerusha gunia ya watu. Nimesema mbele ya mkubwa yangu kwamba nyinyi nauza sumu." Alimgeukia Mama Olga. "Nyabo, leo nitaenda kumuambia ingine."

"Nenda na karatasi. Hiyo nyekundu pia. Na unga uliomwaga kwa baraza yangu, siku moja utakuja kufagia."

"Nitafagia."

"Atafagia?" Topista alisema. "Huyu? Nyumbani hajui hata fagio inakaa wapi!" Alicheka, kisha akalia, kisha akafanya yote mawili pamoja, na akanivuta mkono nikakaa karibu naye kitandani. Alikuwa na harufu ya sabuni ya hospitali. "Lakini wewe msichana, ungeniita tu. Ningesimamisha ile boda. Mimi nilikuwa nasimama kila mahali siku hiyo, hata kununua karanga."

"Najua."

"Unajua sasa." Alifuta uso kwa kiganja. Daphine alikuwa amepanda mapajani mwake, kikombe cha uji mkononi, akinichungulia. "Na ile imebaki huko nyuma ya nyumba? Iko mashina nane, kubwa kubwa. Ning'oe nitupe?"

Nilimtazama Mama Olga. Anajua jibu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Amelisema vijijini kwao, kwenye milima, kwenye kambi tatu. Alinigeuzia uso wake, macho yake ya manjano yakitazama mahali sauti yangu ingetokea, na akaikunja kadi, akairudisha ndani ya Biblia.

Nilisimama, ili nisikike mpaka dirishani.

"Usitupe, dada. Ni mihogo mizuri. Ila ni michungu, kwa hiyo usiichemshe hivi hivi hata kidogo. Uimenye, uiloweke ndani ya maji siku nne, mpaka ilainike yenyewe. Ndipo uianike, ndipo uisage. Siku nne, siyo moja. Na unga wa kwanza uniletee niupime."